Fedha Zetu na Njia Zinazopita

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi



Miaka kumi iliyopita Chama Kikuu hiki kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, meza moja, na daftari moja lenye majina ya watu waliothubutu kuaminiana. Leo tumekaa chini ya paa letu wenyewe. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, za vitalu vya miche na za mashine ya kukoboa, nasi hatuna haja ya kuyarudia maneno yao.

Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu. Halionekani kwa macho kama ghala, wala halisikiki kama mashine. Lakini likiharibika, jasho la mwaka mzima huwa kazi bure. Nalo ni njia ambazo fedha zetu hupita, tangu mkononi mwa mnunuzi wa kahawa hata zifike mkononi mwa mkulima. Twauliza: njia hizo ni za nani, na funguo zake anazo nani?

Swali hili si la kupitisha wakati. Kabla ya jua kutua leo mtaombwa kupiga kura juu ya ombi la kampuni moja, nasi twataka mpige kura mkiwa na habari kamili. Ili tustahili kuaminiwa katika maneno yetu, yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe.

Ndugu wanachama, wengi mwakumbuka mwaka wa nne wa Chama chetu. Mwaka ule sisi viongozi tulitia sahihi mkataba na kampuni moja ya malipo ambayo wenyewe wako ng'ambo. Jina lake halina haja ya kutajwa hapa, kwa kuwa shabaha yetu si kumshitaki mtu. Kila mwanachama alipewa kadi. Tuliambiwa kwamba habari za kubeba maburungutu ya noti barabarani zimekwisha, na kwamba karani wa mizani hatahitaji tena kuandika stakabadhi za nakala tatu, maana kila kilo itaingia katika mashine ya kampuni. Tulifurahi. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi, tena kwa lugha ya wanasheria, nasi tulisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Msimu wa pili wa mkataba ule, siku chache kabla ya malipo ya pili, ikafika barua. Wenye kampuni, huko waliko, walikuwa wamebadili mipango yao, nao wanafunga huduma katika nchi kadhaa, na yetu ikiwa miongoni. Mkataba uliwaruhusu kufanya hivyo. Ukurasa uliosema hivyo ulikuwa miongoni mwa kurasa ambazo hatukusoma.

Kadi zikafa mikononi mwa watu. Fedha hazikupotea, lakini zilikwama. Na fedha iliyokwama mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, mzazi aijua uchungu wake. Mzee mmoja wa chama cha msingi cha mlimani alikuja ofisini kwetu na kadi yake aliyoifunga ndani ya leso. Akaifungua, akaiweka mezani, akasema: "Wanangu, mimi kahawa yangu niliipima kwenu, sikuipima kwao." Hakusema neno jingine. Tuliinamisha vichwa, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Baya zaidi lilikuwa bado mbele. Tulipotaka kuwalipa watu kwa njia nyingine, tuligundua kwamba hatuna orodha kamili ya nani anadai kiasi gani. Orodha ilikuwa katika mashine za kampuni, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuikanyaga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi daftari tulikuwa nalo, ila tulikuwa tumelipanga katika nyumba ya mtu. Kilichotuokoa ni ubishi wa makarani wachache wa mizani, ambao waliambiwa waache kuandika stakabadhi za karatasi nao wakaendelea kuziandika. Kwa nakala zile, kwa taa ya usiku, tulijenga upya daftari la Chama kizima, na mkulima wa mwisho akalipwa. Makarani wale wamo humu ukumbini leo. Twaomba wasimame, nanyi muwapigie makofi, maana wakati ule hatukuwashukuru kama ilivyostahili.

Sasa tueleze jambo lenyewe kwa utaratibu.

Malipo ni kitu cha namna tatu. Kwanza iko fedha yenyewe. Pili iko habari ya fedha, yaani ujumbe usemao: mpe fulani kiasi hiki, mkate fulani kiasi kile. Tatu iko kanuni: nani aruhusiwa kupita, kwa ada gani, na nani aweza kumzuia. Zamani, mnunuzi alipomhesabia mkulima sarafu kiganjani, mambo haya matatu yalikuwa mahali pamoja, mbele ya macho ya wote wawili. Leo yametawanyika. Fedha yaweza kuwa katika benki ya Dodoma au Dar es Salaam, habari yake ikapita katika mashine za ng'ambo, na kanuni ikatungwa na wakurugenzi wa mji wa tatu. Nchi yaweza kuwa na fedha yake yenyewe, yenye picha za viongozi wake, na bado ikawa mpangaji katika njia ambazo fedha hiyo hupita.

Wazee wetu waliujua ugomvi huu kwa jina jingine. Waliuita ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa na vijana kama Paul Bomani mbele yao, waliona kwamba mwenye mizani ndiye mwenye bei. Kabla hata ya kumiliki kinu, walitaka kwanza wawe na wapimaji wao wenyewe mahali pa kuuzia. Kutokana na juhudi hizo likazaliwa, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama Vikuu vya Victoria. Kadhalika wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliounda chama chao mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, walitaka kuuza kahawa yao kwa hesabu wanayoweza kuikagua. Ndugu zangu, mtambo wa malipo ndio mizani ya pili. Ya kwanza hupima kahawa, na ya pili hupima kinachorudi.

Na taifa letu lilipita njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 1919 fedha ya Afrika Mashariki ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London, na dhamana yake iliwekwa huko huko kwa hati za Uingereza. Bodi hiyo ilihamia Nairobi mwaka 1960. Bendera zetu zilipanda kabla ya sarafu zetu, kwani Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikaanza siku hiyo. Waliokuwa madarakani walijua kwamba uhuru wa bendera bila sarafu ni nyumba bila mlango. Kizazi chetu kimerithi sarafu. Kazi iliyobaki juu yetu ni ya njia.

Yako mataifa yaliyojifunza jambo hili kwa maumivu. Iko huko Ubelgiji taasisi iitwayo SWIFT, ambayo hupeleka ujumbe wa malipo kati ya mabenki ya dunia. Haibebi fedha, hubeba habari za fedha. Lakini benki isiyopelekewa habari zake ni kama duka lisilo mlango. Mwaka 2012 mabenki ya Iran yaliondolewa katika mtandao huo kwa amri ya sheria za Ulaya, na mengine yakaondolewa tena mwaka 2018. Mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mabenki kadhaa ya Urusi nayo yakatolewa, na kampuni za kadi za Visa na Mastercard zikaacha kazi katika nchi hiyo.

Hatukuja hapa kuamua haki ya vita wala ya vikwazo. Twatazama jambo moja tu, kama fundi atazamavyo nguzo. Kadi zile ziliacha kufanya kazi nje ya Urusi, lakini ndani ya nchi mwananchi aliendelea kununua mkate kwa kadi ile ile. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2014 baadhi ya mabenki ya nchi hiyo yalikuwa yamekwisha kukatiwa huduma mara moja, na baada ya hapo serikali ilijenga mtambo wake, ikaamuru malipo ya ndani yapite humo, na mwishoni mwa 2015 ikatoa kadi yake iitwayo Mir. Iwe tunaipenda serikali hiyo ama hatuipendi, funzo la ufundi ni lile lile: malipo ya ndani ya nyumba hayafai kutegemea ufunguo ulio nje ya nyumba.

Wala si kwa ajili ya vita peke yake. Uhindi, nchi isiyokuwa na vikwazo, iliunda mwaka 2008 Shirika lake la Taifa la Malipo, ikatoa kadi ya RuPay mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaanzisha njia iitwayo UPI, ambayo kwayo mtu humlipa mwenzake kutoka benki moja hadi nyingine mara moja kwa simu. Mwezi Agosti 2023 njia hiyo ilipitisha malipo zaidi ya bilioni 10 katika mwezi mmoja. Brazili nayo, mwezi Novemba 2020, Benki Kuu yake ilizindua Pix, na mtu binafsi hatozwi ada kuitumia. Hata Ulaya, ambako tungedhani hakuna upungufu, nchi nyingi zenye sarafu ya yuro hazina kadi yao ya taifa, na malipo ya madukani hupita kwa kampuni za Marekani. Ndiyo sababu mabenki yao kadhaa yakaanzisha mwaka 2024 huduma iitwayo Wero. Ikiwa tajiri naye ajenga uzio, maskini asione haya kuuliza bei ya miti.

Na tusidhani kwamba uzio huo haugharimu maneno. Julai 2025 serikali ya Marekani ilifungua uchunguzi wa kibiashara dhidi ya Brazili, na huduma za malipo ya kielektroniki zikawa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Anayejenga njia yake hupunguza ushuru wa mwenye njia ya zamani, na mwenye njia ya zamani hawezi kunyamaza.

Sasa turudi nyumbani. Huduma ya M-Pesa, ambayo dunia nzima huitaja kama fahari ya Afrika Mashariki, ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Lakini kwa miaka mingi mashine zilizoendesha huduma ile ya Kenya zilikuwa Ujerumani, na zilihamishiwa Kenya mwaka 2015 tu. Jina na mtambo vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza hadi mwaka 2020, Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Afrika Kusini ziliponunua kwa pamoja. Maana yake mama muuza nyanya wa Nairobi alimtumia mwanawe fedha mtaa wa pili, na hesabu ikaenda Ulaya na kurudi. Haikumdhuru; lakini hakuijua, na asiyejua njia hawezi kuilinda.

Kwetu hapa, kampuni kubwa za simu ambazo ndizo benki za vijijini zina wenye hisa wakubwa walio Afrika Kusini, India, Vietnam na kwingineko. Hilo si dhambi. Wamejenga minara mahali ambapo benki haikuthubutu kufika. Na sheria yetu ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 yawataka wawe chini ya Benki Kuu, na fedha za wateja ziwekwe katika akaunti za amana kwenye mabenki ya hapa nchini. Aidha Benki Kuu ina mtambo wa TISS tangu mwaka 2004 kwa malipo makubwa kati ya mabenki, na katika muongo huu imeongeza mtambo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, ambao huunganisha mabenki na mitandao ya simu. Kwa njia hiyo, mwenye simu ya mtandao huu humlipa mwenye akaunti ya benki ile, na malipo yakapita katika njia ya taifa badala ya mapatano ya kampuni mbili mbili.

Twaomba muushike mfano huu: barabara na magari. Barabara ikiwa ya taifa, magari yaweza kuwa ya mtu yeyote, mgeni na mwenyeji, na abiria huchagua. Huko Uhindi, njia ya UPI ni ya Wahindi, lakini huduma mbili za simu zinazotumiwa zaidi juu yake ni za Google na za PhonePe, ambayo mwenye hisa nyingi ni Walmart ya Marekani. Wenyewe wamekuwa wakihangaika juu ya jambo hilo. Hata hivyo gari moja likiondoka, barabara hubaki, na abiria hupanda jingine. Sisi, mwaka ule wa kadi, tulikuwa tumempa mtu mmoja gari, barabara na orodha ya abiria.

Lakini, ndugu wanachama, haki hutaka tuseme na upande wa pili, maana hotuba isiyo na upande wa pili ni wimbo wa sherehe tu.

Kwanza, kahawa yetu hainywewi hapa. Sehemu kubwa huuzwa nje, na huuzwa kwa dola. Dola hiyo, hata ikitumwa na mnunuzi wa Ulaya, kwa kawaida hupita katika mabenki ya Marekani kabla ya kufika kwetu. Njia hiyo hatuwezi kuikata, wala hatutaki, maana ndiyo iletayo ada za shule. Afrika imeanza kutafuta njia zake: nchi za Afrika Mashariki zina mtambo wa kuunganisha benki kuu zao tangu muongo wa 2010, na mwaka 2022 ulizinduliwa mjini Accra mtambo wa PAPSS, uliojengwa na Benki ya Afrika ya Kuuza na Kununua Nje, ili Mwafrika amlipe Mwafrika kwa sarafu zao wenyewe. Ni mwanzo mwema kwa biashara ya jirani na jirani. Kwa kahawa iendayo Ulaya, bado tutapita kwa mlango wa watu kwa miaka mingi. Kinachotupasa ni kuujua mlango huo na gharama zake.

Pili, njia kuwa ya kwetu hakuifanyi iwe rahisi. Wote mwakumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. Ilikuwa ya kwetu, ilitungwa na Bunge letu, na shabaha yake ilitajwa kuwa ni maendeleo. Hata hivyo ilimwumiza mtu mdogo hadi ikapunguzwa mwezi Septemba mwaka ule ule, na tena baadaye. Mwenye barabara akiwa ndugu yako, bado yakupasa kuuliza ushuru.

Tatu, na hili twalisema kwa heshima, mkono wa ndani nao waweza kuvunja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri, na havikurudishwa kwa sheria hadi mwaka 1982. Vyama vingine, kabla na baada ya hapo, viliangushwa na viongozi wake wenyewe waliokula mali ya wanachama. Kwa hiyo hatusemi kwamba cha mgeni ni kibaya na cha mwenyeji ni kizuri. Twasema kwamba kitu kinachokaguliwa na wenyewe ni bora kuliko kisichokagulika. Mtambo wa nyumbani waweza kuukagua. Waweza kumwuliza Mbunge, Mrajisi, ama Katibu huyu aliye mbele yenu. Mtambo wa ng'ambo utaandikia barua, na barua yako itajibiwa na mashine.

Na liko jambo moja ambalo wanaushirika peke yao wataliona. SWIFT ile ya Ubelgiji ni chama cha ushirika: ilianzishwa mwaka 1973 na mabenki 239 ya nchi 15, na hadi leo ni mali ya wanachama wake. Visa na Mastercard nazo zilikuwa kwa miaka mingi jumuiya za mabenki wanachama, kila mmoja akiwa na sauti, mpaka Mastercard ilipouza hisa zake sokoni mwaka 2006 na Visa mwaka 2008. Yaani mitambo mikubwa ya malipo duniani ilijengwa kwa akili ile ile iliyojenga ghala letu: watu wengi, kila mmoja mdogo peke yake, wakachanga ili wawe na njia moja. Hatuombi kitu kigeni. Twaomba tuifanye kazi yetu wenyewe katika mizani ya pili kama tulivyoifanya katika ya kwanza.

Basi twaja kwenye kura ya leo. Kampuni moja, ambayo wenyewe wako nje, imetuandikia ikitaka kuwapa wanachama wote kadi mpya na simu kwa bei nafuu, bila ada mwaka wa kwanza. Masharti yake ni mawili: malipo yote ya Chama yapite kwao kwa miaka saba, na daftari la wanachama na mavuno litunzwe katika mitambo yao. Wapo kati yetu, hasa vijana, wanaoona kwamba tukikataa tutabaki nyuma. Hatuwalaumu. Hata sisi tulikuwa na mawazo hayo mwaka wa nne. Lakini wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na sisi tulikwisha kuuacha mara moja, tukalala chini.

Bodi, baada ya mashauriano ya vikao vitatu, yaomba Mkutano huu uamue mambo matano.

La kwanza: daftari la wanachama, la kilo na la madai, liwe mali ya Chama, liandikwe na makarani wetu, litunzwe hapa nchini, na nakala ya karatasi ibaki katika kila chama cha msingi. Kampuni yoyote ya malipo ipewe orodha ya kulipa tu, na si daftari.

La pili: malipo ya mkulima yapite katika njia ya taifa inayounganisha mabenki na simu zote, ili kila mwanachama achague mwenyewe kupokea kwa benki, kwa simu ya mtandao wowote, ama kwa chama chake cha akiba na mikopo. Asilazimishwe mtu kupanda gari moja.

La tatu: mkataba wowote wa malipo usizidi msimu mmoja bila idhini ya Mkutano Mkuu, usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya wajumbe, na uwe na kifungu cha kuagana kinachosema nani atafanya nini, na kwa siku ngapi, upande mmoja ukijitoa.

La nne: kila mwaka taarifa ya hesabu ionyeshe, katika mstari wake peke yake, gharama ya kupitisha fedha: makato ya mabenki ya nje, ada za simu, na hasara ya kubadili dola. Hadi leo gharama hiyo tumeificha ndani ya "matumizi mengineyo", na kilichofichwa hakipunguzwi.

La tano: Chama Kikuu kiendelee kuziweka akiba zake katika taasisi za ushirika kadiri usalama unavyoruhusu. Aprili 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika, ambayo vyama kama chetu vyaweza kuwa na hisa ndani yake. Tusiiamini kwa sababu ya jina tu. Tuisome hesabu yake kama tunavyotaka yetu isomwe. Lakini benki ya wakulima isipopata fedha za wakulima, itakuwa benki ya nani?

Mkikubali hayo matano, hatutakuwa tumeifukuza kampuni ile. Tutawaandikia kwamba wanakaribishwa kuwa gari mojawapo katika barabara, kwa msimu mmoja, kwa ada inayojulikana. Wakikubali, watakuwa wageni wema, na mgeni mwema ni baraka. Wakikataa kwa sababu hawakupewa daftari, basi tutakuwa tumejua walichokuwa wakikitaka.

Ndugu Mwenyekiti, twajua kwamba Chama Kikuu kimoja cha mlimani hakiwezi peke yake kubadili njia za fedha za dunia. Hatuwezi kuihamisha New York. Lakini nchi hujitegemea kwa mafungu: serikali ina fungu lake la kujenga mtambo, Benki Kuu ina fungu lake la kuusimamia, na sisi tuna fungu letu la kuutumia, kuukosoa, na kutouza daftari letu kwa zawadi ya simu. Njia ya taifa isiyotumiwa na wakulima, ambao ndio wengi, itakuwa barabara yenye majani.

Yule mzee wa leso bado ni mwanachama, na msimu uliopita aliuza kahawa yake kama kawaida. Kadi yake ilibaki mezani kwetu. Hatukuitupa, wala hatukumrudishia. Kila tunapoletewa mkataba mpya huiweka juu ya karatasi zake kwanza, kisha tukaanza kusoma, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na zile za katikati.

Kwa hayo twaomba mjadili kwa uhuru, mpinge panapopingika, kisha mpige kura. Mungu aujalie ushirika wetu, na msimu ujao uwe wa mvua njema.